Kabla hujatulipa tukutangaze: nani atashika simu?

Mama mmoja anayesafisha makochi na mazulia alikuja ofisini kwetu, tunakowaendeshea watu matangazo ya mtandaoni, na hasira zake, simu mkononi. "Kijana, hawa watu wa Facebook ni wezi," akaniambia hata kabla ya kuketi. Alikuwa amebusti posti yake mwenyewe, yaani kuilipia Facebook iionyeshe kwa watu wengi zaidi, kwa shilingi 500 kila siku, wiki mbili nzima. Laiki zilimiminika mpaka akachoka kuzitazama. Wateja? Wawili, na mmoja ni jirani yake ambaye angempigia hata bila tangazo.

Nikamwomba anionyeshe. Chini ya picha watu wameuliza "Bei?", naye kila mmoja amemjibu "Njoo inboksi." Huko inboksi, mtu wa Juja, nje ya jiji, aliandika Jumanne usiku akajibiwa Alhamisi. Mama mwenyewe anakaa Donholm, mtaa wa Nairobi, na hana gari. Mashine yake anaibeba kwa bodaboda.

Hakuibiwa. Alipewa alichoagiza. Unapobusti posti bila kugusa mipangilio, mara nyingi unauambia mfumo ukutafutie watu wanaopenda kulaiki na kutoa maoni, na mfumo ni mtiifu kuliko mfanyakazi yeyote niliyewahi kumwajiri. Nairobi hii ina watu wanaolaiki kila kitu, kuanzia tangazo la matanga hadi tairi za mtumba. Hao ndio mfumo utakaokuletea. Ukitaka watu wa kukuandikia, agiza ujumbe: kwenye Meta Ads Manager, ukumbi wa kupangia matangazo wa Meta, wenye Facebook, Instagram na WhatsApp, kuna tangazo ambalo mtu akilibonyeza anafunguliwa mazungumzo ya WhatsApp moja kwa moja. Kwa fundi au msusi wa mtaani, sisi huanzia hapo karibu kila mara.

Halafu kuna suala la mtaa. Ukiandika tu "Nairobi", mfumo huwa na tabia ya kuchora duara la kilomita 40 kuzunguka jiji. Duara hilo linameza Kitengela, Limuru na Juja. Je, utakwenda Juja kusafisha kochi la viti vitano? Nauli na foleni ya Thika Road zitakula faida yote. Afadhali uchomeke pini mahali ulipo na uzungushe kilomita nne au tano. Kwa yule mama, kilomita tano kutoka Donholm zinafikia Umoja, Fedha, Pipeline na sehemu nzuri ya Kayole, watu wengi kuliko atakaoweza kuwahudumia mwaka mzima.

Ila duara halijui barabara. Tulipoanza kazi hii tulimchorea mteja wa Lang'ata duara pana, tukafurahi, kisha tukagundua kwamba upande mmoja wote uko ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Simba hawana mazulia. Upande wa pili wa mbuga kuna Rongai, ambayo kwenye ramani iko karibu lakini jioni ya Magadi Road ni safari ya kuaga nyumbani. Siku hizi tunaondoa mitaa kama hiyo mmoja mmoja. Kazi hii hukuti mtu akijisifia, lakini ndiyo inayookoa pesa.

Kuna huduma ambazo tukiziona tunamwambia mwenyewe asitulipe. Bomba likipasuka saa kumi na moja alfajiri, hakuna anayefungua Facebook kutazama picha. Anampigia keateka, anauliza kwenye kikundi cha WhatsApp cha ploti, au anatafuta kwenye Google. Fundi bomba, fundi wa kufuli na gari la kuvuta magari wanafaa kwanza kujaza wasifu wa biashara kwenye Ramani za Google, ambao ni bure, na kuwaomba wateja walioridhika waandike maoni pale. Tangazo la Facebook na Instagram linafaa kazi ambazo mtu anajua anapaswa kuzifanya ila anaahirisha: kochi lenye doa la chai tangu Pasaka, kunguni, tangi la maji ambalo halijaoshwa, pazia za kufuliwa. Anaona picha, anakumbuka, dhamiri inamsuta, anabonyeza. Na akumbuke mwisho wa mwezi, mshahara ukiwa umeingia. Ukitangaza katikati ya Januari, Nairobi itakusoma vizuri sana na haitakuita.

Sasa hesabu. Shilingi 500 kwa siku 14 ni 7,000. Ongeza VAT ya asilimia 16 na inakuwa 8,120, jambo linalowashtua wengi wanapoona kadi imekatwa zaidi ya walivyopanga. Tuseme zimekuja jumbe 40: kila ujumbe umekugharimu shilingi 203. Kati ya hao 40, wanane wakifanya kazi nawe, kila mteja amekugharimu 1,015. Kama unatoza 3,500 kwa seti ya viti saba, na sabuni, nauli na msaidizi vinachukua 1,800, unabaki na 685. Si mbaya, hasa akikuita tena Desemba bila tangazo. Lakini wakiwa wateja wanne tu, kila mmoja amekugharimu 2,030, na hapo unafanya kazi kwa hasara huku mikono imejaa povu.

Tazama tofauti kati ya wanane na wanne. Tangazo ni lile lile na pesa ni zile zile. Kilichobadilika ni aliyeshika simu. Aliyeandika "Bei?" saa mbili usiku amewaandikia na wengine watatu, na wa kwanza kumjibu bei kamili ndiye mwenye kazi. Kwa hiyo tunakuuliza mapema: ukiwa juu ya ngazi au ndani ya kochi la mtu, nani anajibu? Tunataka nambari ya kazi iwe kwenye WhatsApp Business, programu ya bure, yenye salamu inayojituma yenyewe, bei zilizoandikwa tayari na lebo za kutenga aliyeuliza na aliyelipa. Bei iwekwe wazi hata kwenye posti. Mambo ya "njoo inboksi" yanafukuza watu. Wanadhani unataka kwanza kumpima mtu viatu ndipo umtajie bei. Tena wahenga wa dukani walisema mali bila daftari hupotea bila habari: andika kila ulizo lilipotoka, la sivyo baada ya mwezi utaniambia tangazo halikufanya kazi na mimi sitakuwa na la kukujibu.

Baada ya hapo, acha tangazo litulie. Mfumo unajifunza nani hubonyeza, na Meta wenyewe husema unahitaji matokeo kama 50 ndani ya siku saba ndipo utulie. Bajeti ndogo huenda isifike huko, lakini ukibadilisha picha kila asubuhi unaurudisha darasa la kwanza kila asubuhi.

Picha piga mwenyewe, kwa simu, mchana, kochi lile lile kabla na baada. Sebule yenye meko ya kuni uliyoiokota mtandaoni haimdanganyi mtu wa Umoja. Omba ruhusa kabla ya kuonyesha sura au nyumba ya mtu, hasa watoto. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019 na haichezi: Septemba 2023 Kamishna wa Ulinzi wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake.

Neno kuhusu pesa, maana tunajua mashaka yako. Ukurasa na akaunti ya matangazo viwe kwa jina lako, sisi utupe ruhusa ya kufanya kazi tu. Pesa ya tangazo itoke kwako moja kwa moja. Asiye na kadi ya benki anaweza kutumia kadi ya Visa ya M-Pesa GlobalPay. Ada yetu ni kando. Yeyote anayekuomba umtumie zote kwa pamoja kwenye simu yake, bila kukuonyesha risiti ya Meta, mwulize maswali.

Yule mama hatukuchukua pesa zake siku ile. Tulimwomba kwanza ampe binti yake simu ya kazi na wakae jioni moja waandike bei. Alipiga juzi kuuliza kama Buruburu imo ndani ya duara. Imo.