Pong haikuwa ya kwanza

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nisahihishe dai linalorudiwa mara kwa mara, kwamba michezo ya video ya nyumbani ilianza na Pong, mchezo unaofanana na tenisi ya mezani, wa kampuni ya Atari. Mwaka 1966 mhandisi Ralph Baer, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya zana za kijeshi ya Sanders huko New Hampshire, Marekani, alianza kubuni kifaa cha kuchezea kwenye televisheni, na mwaka 1972 kampuni ya televisheni ya Magnavox ikakiingiza sokoni kwa jina la Odyssey. Hakikuwa na sauti wala hakikuhesabu alama. Kilionyesha vidoa vyeupe na mstari tu, hivyo mchezaji alibandika juu ya kioo cha televisheni karatasi ya plastiki angavu yenye picha ili apate uwanja wa tenisi au nyumba ya mizimu.

Nolan Bushnell, mmoja wa waanzilishi wa Atari, alikiona kwenye maonyesho huko California mwezi Mei mwaka huohuo, miezi michache kabla Allan Alcorn, mhandisi wa Atari, hajaunda Pong, ambayo mashine yake ya kwanza ya kuchezwa kwa sarafu, iliyowekwa katika baa moja mjini Sunnyvale, ilikwama kwa sababu sarafu zilikuwa zimejaa pomoni. Pong ya nyumbani ilikuja mwaka 1975. Simnyimi Alcorn haki yake, kwani mchezo wake ulinoga zaidi. Lakini Magnavox iliishtaki Atari kwa kutumia ubunifu wake bila idhini, na mwaka 1976 Atari ikakubali kulipia leseni.

Wako,
Msomaji, Tanga