Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mipango: Lori Linarudi na Nini?

Wanangu mnaoandaa mipango ya maendeleo ya mikoa,

Salamu nyingi. Nawaandikia nikiwa na kero, na ni afadhali niitaje mapema. Hivi karibuni nilialikwa kusikiliza wasilisho la wenzenu kuhusu ushoroba mpya wa uchumi. Ukutani ilioneshwa ramani yenye mstari mnene mwekundu kutoka bandarini hadi bara, na kandokando yake, kila baada ya mwendo fulani, duara la kijani lililoandikwa "kongani ya viwanda", yaani mahali pa viwanda vya kazi moja kukaa pamoja. Nikauliza ndani ya duara la tatu atakuwamo nani, na atafanya kazi gani. Kijana aliyeshika fimbo akanijibu kwa adabu kabisa: "Mwekezaji, mzee." Nikauliza ni mwekezaji yupi, wa kutengeneza nini, akitumia mafundi gani. Akasema barabara ikishafika, hayo yatajipanga yenyewe. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi mikono yangu niliiacha mapajani.

Kwamba njia hubadilisha uchumi, hilo silibishi. Mfereji wa Erie, kule Marekani, ulipokamilika mwaka 1825, ukiunganisha mto Hudson na ziwa Erie kwa urefu wa kilomita zipatazo 584, gharama ya kusafirisha tani moja kati ya Buffalo na New York ilishuka kutoka dola 100 hivi hadi takriban dola 10, na New York ikaziacha mbali bandari zilizokuwa zikishindana nayo. Hiyo ndiyo sehemu ya habari mnayopenda kuisimulia. Sehemu msiyoisimulia ni kwamba ngano rahisi ya magharibi ilipita katika maji hayohayo ikawakuta wakulima wa New England, kaskazini-mashariki mwa nchi hiyo, ambao mashamba yao ya vilimani yenye mawe hayakuweza kushindana nayo, basi wengi wakaacha kulima nafaka na wengine wakahama. Mfereji haukuwaonea, kwa maana mfereji haujui nani ni mwenyeji na nani ni mgeni.

Nayasema haya kwa sababu niliwahi kushiriki kosa lenyewe. Nilipokuwa karani kijana nilipewa daftari na kiti, nikaketi mwisho wa barabara iliyokuwa imetoka tu kuwekwa lami, nihesabu magari. Nilihesabu kwa uaminifu, alfajiri hadi magharibi, kwa majuma kadhaa. Malori yaliingia yamejaa sabuni, magodoro, vigae na samani; yakatoka matupu, au yamebeba magogo na ngozi mbichi. Daftari langu lilikuwa na safu ya magari yaliyoingia na safu ya magari yaliyotoka, lakini halikuwa na safu ya kuandika yamebeba nini, nami sikuuliza kwa nini. Utingo mmoja, aliyekuwa akilala juu ya turubai la lori tupu, ndiye aliyenifundisha uchumi kuliko mwalimu yeyote. Aliniambia mwenye gari hawezi kula hasara ya safari ya kurudi, kwa hiyo nauli ya kwenda huwa imebeba safari zote mbili, na anayelipa ni mnunuzi wa huko bara.

Nilirudi pale baada ya miaka michache. Maseremala waliokuwa na karakana zao walikuwa wamefunga, kwa kuwa samani za kiwanda kikubwa cha mjini zilikuwa zikifika kwa bei wasiyoiweza. Watengeneza sabuni hali kadhalika. Vijana wao walikuwa wamepanda basi la barabara ileile kwenda kutafuta kazi kule samani zinakotoka. Ripoti tuliyoiwasilisha ilisema mradi umefanikiwa, kwa sababu idadi ya magari ilikuwa imeongezeka. Ina sahihi yangu mpaka leo.

Kama simulizi ya mzee haiwatoshi, Paul Krugman, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2008, alionesha mwaka 1991 kwa hesabu jambo ambalo utingo wangu alilijua kwa mgongo. Usafirishaji ukiwa ghali mno, kila eneo hujitengenezea vitu vyake, na ughali huo huwa ukuta wa kumlinda fundi mdogo. Gharama zikishuka, kiwanda kinachopata faida kwa kuzalisha kwa wingi huweza kukaa mahali pamoja penye wateja wengi na kuwafikia wengine kwa barabara. Nao wafanyakazi hukifuata, na wafanyakazi hao ndio wateja wapya. Kwa hiyo lami ileile inaweza kumnyanyua mnyonge au kummaliza, kutegemea alikuwa na nini mkononi siku ilipofika.

Italia ililipia somo hili kwa fedha nyingi. Kuanzia mwaka 1950 serikali yake iliunda mfuko maalumu wa kuendeleza kusini, ikajenga barabara na mabwawa, kisha ikapeleka viwanda vikubwa kama kile cha chuma cha Taranto. Vingi vilikaa peke yao, bila mafundi wadogo wa kuvizunguka, hata Waitalia wenyewe wakaviita makanisa makuu jangwani. Wakati huohuo, Sassuolo, karibu na Modena, watengenezaji wa vigae walizidi kuongezeka, na kando yao wakaota waliotengeneza matanuri, mashine za kushindilia udongo na rangi za kung'arisha vigae, hadi mashine hizo zikawa bidhaa ya kuuzwa nje. Hiyo ndiyo kongani. Mchumi Mwingereza Alfred Marshall alikwisha kuieleza mwaka 1890, akiwa na mifano kama visu vya mji wa Sheffield mbele yake: viwanda vya kazi moja hukaa karibu kwa sababu hapo pana mafundi wa kuajiri, pana wauzaji wa vifaa, na siri za kazi huzagaa hewani kiasi kwamba watoto huzijua bila kufundishwa. Ni lipi kati ya hayo matatu linaloletwa na duara la kijani?

Mengine nitayataja tu. Teknolojia mpya ya usafiri huweza kuziacha nyuma bandari kongwe: meli ya Ideal X ilibeba kontena 58 kutoka Newark, Marekani, mwaka 1956, kontena zikaenea, na kufikia mwaka 1981 magati ya kale ya London yalikuwa yamefungwa. Kongani ya kazi moja ni hatari pia: Detroit, mji wa viwanda vya magari kule Marekani, ilikuwa na watu milioni 1.85 mwaka 1950, ikabaki na laki saba na ushei mwaka 2010. Na kituo si mji: Nairobi ilikua kwa kuwa mwaka 1899 reli iliweka hapo makao yake makuu na karakana, ilhali vituo vingi ambavyo treni ilivipita tu vimebaki vituo.

Najua, wanangu, kwamba lawama zote si zenu. Mnapewa majuma machache kufanya upembuzi yakinifu wa jambo ambalo limekwisha kutangazwa jukwaani. Mkubwa anataka utepe wa kukata, na utepe haukatwi kwenye chuo cha ufundi kinachofundisha vijana kumi na watano kuchonga vipuri. Nasi wananchi tunashangilia lami kwa kuwa inaonekana, hatuulizi habari za mikopo ya karakana wala umeme usiokatika. Mmeelimika kuliko sisi tulivyokuwa, na mna vyombo ambavyo mimi sikuviota; kinachoniuma ni kuona akili hiyo inatumika kupaka madoa ya kijani.

Kwa hiyo nawaomba jambo moja kabla ya wasilisho lenu lijalo. Nendeni mkaketi kando ya barabara iliyopo sasa, si ile ya kwenye ramani, tangu alfajiri, na katika daftari lenu ongezeni ile safu niliyoikosa mimi: lori linaporudi limebeba nini, na nani amekitengeneza. Waulizeni matingo. Mkimaliza nileteeni daftari lenyewe, hata kama halijapigwa chapa. Mwandiko wa mkono bado nausoma bila miwani.

Mzee wenu, karani wa zamani wa kuhesabu magari