Aliyenunua bango la kona naye afikishwe kortini

Mhariri,

Nilifanya kazi ya barabara kwa miaka 26, na kumi ya mwisho nilikuwa nyapara wa kikosi cha kusimamisha mabango. Nikisafiri kutoka Mavueni kwenda Mariakani kupitia Kaloleni, macho yangu huwa kando ya lami, kwenye nguzo. Moja ikikosekana nalijua pengo lake kama mtu anavyolijua pengo la jino kinywani mwake.

Mwaka jana, kabla ya mvua za masika, bango la kona kali liliondolewa kwenye mteremko mmoja upande wa Kaloleni. Watu husema mabango yanang'olewa, lakini lile halikung'olewa. Nguzo yake tuliichimbia futi tatu tukaimwagia zege. Iliyotumika ni msumeno wa chuma. Waliikata shubiri moja kutoka ardhini, wakaenda na nguzo pamoja na bati lake. Kisiki kilichobaki kilikuwa na makali. Nilipokipapasa kilinichana kidole.

Siku ya tisa, usiku, lori la nazi liliteremka pale. Dereva alikuwa mgeni wa njia ile. Mwenyeji akishaupita mwembe mkubwa huanza kukanyaga breki bila kuambiwa na mtu, lakini mgeni hana habari ya mwembe. Tegemeo lake ni ile pembetatu yenye mpaka mwekundu, ambayo taa za gari zikiimulika humeta kutoka mbali na kumpa nafasi ya kupunguza mwendo. Lori lilipinduka. Utingo, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alifia papo hapo. Kulipokucha nazi zilikuwa zimetapakaa hadi bondeni, na wenzake walikuwa wakimtafutia shuka ya kumfunika.

Wiki mbili baadaye bango lilipatikana kwenye yadi ya vyuma kuukuu. Niliitwa kulitambua kwa sababu kikosi chetu kilikuwa na desturi ya kuandika mwezi, mwaka na namba kwa rangi ya mafuta nyuma ya kila bati. Nililigeuza, nikauona mwandiko wangu. Bati lilikuwa limekunjwa mara mbili ili litoshe kwenye gunia, na nguzo imekatwa vipande vitatu.

Mwizi alikuwa kijana wa mtaani kwetu. Siku ya kwanza alikana. Nilipokuja kutoa ushahidi na bati likawekwa juu ya meza mbele ya hakimu, aliinama, akasema, "Ni kweli, mheshimiwa, niliuza shilingi 700." Akafungwa mwaka mmoja na nusu kwa wizi. Mimi sina ugomvi na hukumu hiyo. Mama yake alikuwa ameketi nyuma yangu akilia kimyakimya kwenye leso, na sikuwa na la kumwambia.

Ugomvi wangu ni huu: mwenye yadi hakushtakiwa. Aliandikisha taarifa kituoni, na jioni ile ile alikuwa amerudi kwenye mizani yake. Nilipomuuliza alinijibu, "Mzee wangu, mimi hupima kilo tu. Mali ya nani, nitajuaje?"

Mhariri, sikusomea sheria, lakini kesi ile ilinifanya niitafute Kanuni ya Adhabu ya Kenya niisome mwenyewe, polepole, miwani machoni. Kifungu cha 275 kinasema adhabu ya kawaida ya wizi ni kifungo kisichozidi miaka 3. Kifungu cha 322 kinamhusu anayepokea au kuhifadhi mali ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Nilirudia hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Basi sheria yenyewe imekwisha kumwona mpokeaji kuwa mtu wa hatari kuliko mwizi, karibu mara tano. Na haidai ithibitishwe tu kwamba alijua. Inatosha kuwa alikuwa na sababu ya kuamini kwamba mali ni ya wizi.

Sasa niambieni, ni nani Kenya hii awezaye kushika bango la kona kali au la STOP mkononi akose sababu ya kuamini? Bango la barabara haliuzwi dukani. Hakuna anayelirithi kwa babake. Sufuria iliyotoboka yaweza kuwa ya mtu yeyote, na hata nondo yaweza kuwa imebaki kwenye ujenzi. Pembetatu yenye mpaka mwekundu ina mwenyewe mmoja, naye ni umma.

Tena kuna Sheria ya Vyuma Kuukuu ya mwaka 2015, inayomtaka mfanyabiashara huyo awe na leseni na aweke kumbukumbu za biashara yake. Januari 2022, umeme ulipokatika karibu nchi nzima baada ya minara kuanguka, serikali ilipiga marufuku biashara hii yote hadi Mei. Kwa hiyo nguvu ya kuwabana wanunuzi ipo, na tuliiona ikitumika taifa lilipoingia gizani. Naomba itumike vivyo hivyo kwa ajili ya kona ya kijijini.

Na yule utingo? Jina lake halikutajwa hata mara moja katika kesi ya bango. Mashtaka yalikuwa ya wizi wa bati na bomba. Kifungu cha 202 kinasema anayesababisha kifo kwa kitendo kilicho kinyume cha sheria ana hatia ya kuua bila kukusudia, na kifungu cha 205 kinaruhusu hadi kifungo cha maisha. Najua si rahisi kuthibitisha kwamba ni bango lililoua, wala si mwendo wa dereva au breki. Huko Florida, Marekani, vijana watatu wa miaka 18 waligongwa na lori mwaka 1996 kwenye njia panda ambayo bango lake la STOP lilikuwa limeangushwa. Mwaka uliofuata watu watatu walihukumiwa miaka 15 kila mmoja kwa kuua bila kukusudia. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa iliifuta hukumu hiyo kwa sababu mwendesha mashtaka alivuka mpaka katika maneno yake mbele ya jopo la raia waliosikiliza kesi. Ilivunjika, sawa, lakini swali la waliokufa liliulizwa mahakamani. Kwetu hata kuuliza hatujaanza.

Ninachowaomba wapelelezi na viongozi wa mashtaka ni hatua ndogo. Bango likiibwa, polisi waende kwenye mizani za yadi za vyuma zilizo karibu kabla ya siku tatu kupita, maana baada ya hapo limekwisha kukatwakatwa na kupakiwa. Likikutwa yadini, mwenye yadi asimame kizimbani pamoja na mwizi, kwa kifungu cha 322. Na pakitokea ajali mahali lilipotolewa, faili mbili zikae juu ya meza moja, zisomwe na mtu mmoja.

Pale konani bado hakuna bango jipya. Wanakijiji wamefunga gunia jeupe kwenye kijiti kando ya kisiki, na jirani mmoja amelipaka chokaa ili lionekane usiku. Mvua ikinyesha chokaa huoshwa. Juzi nilipita nikakuta kijiti kimelala, nikakisimamisha na kukishindilia mawe. Yule kijana anakaribia kumaliza kifungo chake. Kutoka stendi atakaposhukia hadi kwao, atapita mbele ya yadi ile ile, na mizani bado inaning'inia mlangoni.

K. C.,
Kilifi