Kondomu za mzaha si zote zinazokinga

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie kondomu zinazouzwa kwa ajili ya kuchekesha au kunogesha mapenzi, kama vile zinazong'aa gizani, zenye ladha za matunda au zilizobandikwa vinyago vya mpira kwenye ncha. Baadhi yake zimepimwa na zinakinga kama kondomu nyingine yoyote, lakini zipo ambazo pakiti yake imeandikwa, tena kwa herufi ndogo za kutafutwa kwa tochi, kwamba hazizuii mimba wala magonjwa ya zinaa. Kwa maoni yangu, onyo hilo lingestahili kuwa kubwa kuliko picha iliyo juu yake. Mnunuzi atafute alama ya ISO 4074, yaani kiwango cha kimataifa cha ubora kinachohusu kondomu za mpira asilia, pamoja na tarehe ya mwisho wa matumizi. Inayofunika kichwa cha uume pekee huchomoka kwa urahisi na huacha ngozi wazi, na yenye sukari isitumike ukeni, maana huweza kuchochea fangasi. Anayetaka mzaha na kinga avue ya mzaha kwanza ndipo avae iliyopimwa, kwani mbili zikivaliwa pamoja huweza kusuguana na kupasuka.

Msomaji wako