Mkalimani mmoja hawezi kubeba vipindi vinane

Ndugu Mhariri,

Sisi wakalimani wa lugha ya alama tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumze na wakuu wa shule, maofisa elimu na wazazi wenye watoto viziwi wanaosoma katika sekondari za kawaida. Kila kidato cha kwanza kinaporipoti, swali la mzazi huwa ni hilohilo: mkalimani yupo? Akijibiwa kuwa yupo, anashusha pumzi na kurudi nyumbani. Kumbe hapo ndipo maswali yalipopaswa kuanza. Mkalimani akiwekwa mbele ya darasa ambalo halikupangwa kwa ajili ya kazi yake, atafikisha nusu ya somo, na hiyo nusu inayopotea hakuna anayeiona mpaka matokeo yabandikwe.

Tuanze na hesabu. Kipindi cha sekondari ni dakika 40. Siku ya vipindi vinane ni dakika 320. Mkalimani husikiliza sentensi ya pili huku mikono yake ikiwa bado inasema ya kwanza, na kazi hiyo humchosha kichwa kabla haijamchosha mabega. Ndiyo maana utaratibu wa fani yetu ni kupokezana kila baada ya dakika 20 hadi 30, na kwa somo zito kama Fizikia hata 15. Ukipita hapo usahihi unashuka, na ubaya wake ni kwamba mkalimani mwenyewe hajijui. Vinavyotangulia kudondoka ni vile vidogo: tarakimu ya mwisho, "kabla" na "baada", kikanushi, yaani lile neno au silabi ya kukataa. Chukua onyo la maabara ya Kemia ambalo kila mwalimu hulitoa: usimimine maji kwenye asidi kali, mimina asidi kwenye maji, kidogokidogo. Kikanushi kikidondoka katika dakika ya 35 ya kipindi cha pili mfululizo, mtoto anaona mikononi mwa mkalimani agizo lililo kinyume kabisa na lile lililotoka kinywani mwa mwalimu. Asidi ikichemka na kuruka, atakayelaumiwa ni mtoto, kwamba hakuwa makini.

Kwa hiyo darasa moja lenye ratiba kamili linahitaji wakalimani wawili. Yule ambaye mikono yake imetulia hajapumzika. Amekaa akimtazama mwenzake, anamkumbusha istilahi iliyompita, anamwandikia namba kwenye kipande cha karatasi. Shule nyingi zikimwona amekaa zinamtuma akasimamie mkondo usio na mwalimu. Tunaomba jambo hilo likome, maana hapo mmoja ameondolewa na aliyebaki amevunjiwa nguzo.

Ikiwa kweli shule imepata mmoja tu, basi mwalimu wa taaluma asipange Hisabati, Fizikia na Kemia zifuatane asubuhi moja. Na mwalimu wa somo akate kipindi chake: azungumze dakika 15, atoe zoezi la kimya la dakika 10, kisha aendelee. Wanafunzi wote watanufaika, si kiziwi peke yake.

Sasa lugha. Watu wengi hudhani mkalimani anabadilisha maneno ya mwalimu kuwa ishara, neno kwa neno. Lugha ya Alama ya Tanzania, LAT, si Kiswahili cha mikono. Ina sarufi yake. Nyusi, macho na mdomo hufanya kazi ambayo kwa msemaji hufanywa na kiimbo. Halafu sekondari inafundishwa kwa Kiingereza, wakati mtoto ametoka shule ya msingi akisoma vitabu vya Kiswahili. Hivyo mkalimani anasikia Kiingereza, anasema LAT, na ubaoni kuna maandishi ambayo mtoto lazima ayaunganishe na alama anayoiona. Hapo ndipo makosa mengi huzaliwa, nasi tungependa wasomaji waone moja kwa karibu.

Mwalimu wa Baiolojia anafundisha osmosisi. Anasema maji hutoka penye "concentration" fulani, yaani kiasi cha kitu kilichoyeyuka ndani yake, kwenda penye nyingine. Mkalimani ambaye hakupewa somo mapema analijua neno hilo kwa maana ya kawaida, anatoa alama ya umakini, na mtoto anabaki na maji yanayotega sikio. Aliyejiandaa hafanyi hivyo. Anaweka chombo cha maji kushoto kwake, chombo cha maji yenye sukari nyingi kulia, na katikati anasimamisha kiganja chenye vidole vilivyoachana kidogo: hicho ndicho kiwambo, utando unaopitisha maji na kuzuia sukari. Anapitisha maji kati ya vidole kutoka kushoto kwenda kulia. Sukari inagonga vidole na kurudi. Hatua tatu, sekunde chache, na mtoto ameona mwelekeo, ameona kinachopita na kinachozuiwa. Kisha anatahajia jina kwa vidole, herufi kwa herufi, na kuonyesha lilipo ubaoni. Mitego ya aina hiyo imejaa katika kila somo: "table" ya Hisabati si meza, "mean" si maana, "volume" ya Fizikia haihusiani na sauti ya redio.

Dawa yake haigharimu hata shilingi. Mkalimani apewe nakala ya azimio la kazi, yaani mpango wa mada zitakazofundishwa, muhula unapoanza, na andalio la somo siku moja kabla. Akilipata dakika mbili kabla ya kengele, halimsaidii kitu. Kwa istilahi ndefu, mkalimani na wanafunzi viziwi hukubaliana alama ya darasa: neno hutahajiwa mara ya kwanza, huonyeshwa ubaoni, hufafanuliwa, kisha hupewa alama ya muda. "Photosynthesis" ina herufi 14. Huwezi kuitahajia kila inapotajwa halafu ubaki sambamba na mwalimu. Alama hizo ziandikwe na kuchorwa kwenye daftari moja linalobaki shuleni, ili mkalimani atakayekuja mwakani asianze upya. Tena wiki ya kwanza itengwe kwa ajili ya kulinganisha alama, kwa sababu mtoto aliyetoka shule ya viziwi ya Buguruni na aliyetoka ya Njombe wanaweza kuja na alama mbili kwa neno moja, kila mmoja akiamini yake ndiyo sahihi.

Kuna jambo ambalo hata walimu wazuri hulisahau. Mtoto kiziwi ana macho mawili tu, na ndiyo masikio yake. Mwalimu anapoandika ubaoni huku akieleza, mwanafunzi msikivu ananakili na kusikiliza kwa pamoja. Kiziwi anachagua: amtazame mkalimani akose notisi, au anakili akose maelezo. Mwalimu aandike kwanza, anyamaze, awape nafasi ya kunakili, kisha aeleze. Notisi za kusomewa ndizo mbaya kuliko zote, kwani haiwezekani kutazama mikono na kuandika kwa wakati mmoja. Apewe notisi zilizochapwa, au mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri aweke karatasi ya kaboni chini ya ukurasa wake, nakala ya pili iwe ya mwenzake.

Mwalimu anapouliza swali, linamfikia kiziwi sekunde mbili hadi tano baada ya wengine. Kabla mkalimani hajamaliza, mikono ya wasikivu iko juu na jibu limeshatolewa. Mwaka mzima unapita mtoto hajajibu hata swali moja, na kwenye ripoti anaandikiwa kuwa hashiriki. Mwalimu ahesabu kimoyomoyo hadi tano ndipo achague wa kujibu. Katika majadiliano ya vikundi azungumze mmoja mmoja, tena anyooshewe kidole kwanza, ili kiziwi ajue maneno ni ya nani.

Mahali pa mkalimani kusimama ni ubavuni mwa mwalimu, karibu na ubao, kama mita mbili kutoka kwa mwanafunzi. Mkalimani asiwe na dirisha mgongoni, maana mwanga ukitokea nyuma yake anageuka kivuli. Nguo iwe ya rangi moja inayotofautiana na ngozi ya mikono. Kitenge cha maua kiachwe nyumbani siku za kazi. Na masika, mvua inapopiga bati lisilo na dari, mkalimani naye hasikii. Asibuni. Awaambie wanafunzi kwamba hasikii, amwombe mwalimu aandike.

Mitihani ya darasani ina hatari yake. Swali likimtaka mwanafunzi ataje jina la umbo lenye pande tatu, alama ya pembetatu inachorwa hewani kwa vidole: ukiitoa umetoa jibu. Kwenye imla ya Kiingereza, mkalimani anayetahajia neno amemwandikia mtoto. Mwalimu na mkalimani wakae kabla ya jaribio wapitie swali moja moja, wajue lipi litakalimaniwa, lipi litasomwa na mwanafunzi mwenyewe, na neno gani la imla libadilishwe kwa picha. Mkalimani hafafanui swali, hata mtoto akimtazama kwa macho ya kuomba. Vilevile hamjibii mtoto, hamchapi, wala hampelekei mkuu wa shule habari alizozisikia katika mazungumzo ya wanafunzi. Akianza kufanya hivyo mara moja, watoto wanageuza mikono yao pembeni anapopita.

Wapo wanaouliza: kama ni hivyo, kwa nini mkalimani asiwekwe tangu darasa la kwanza? Hapa tunawaomba wazazi watusikilize kwa makini. Watoto viziwi walio wengi huzaliwa na wazazi wasikivu wasiojua LAT. Wengi hufika shuleni wakiwa na alama za nyumbani chache: kula, maji, lala, mama. Mkalimani huhamisha maana kutoka lugha moja kwenda nyingine. Kama mtoto bado hana lugha ya kupokelea, hakuna pa kuihamishia. Mtoto huyo anahitaji mwalimu anayefundisha kwa LAT moja kwa moja, wenzake viziwi wa kucheza nao, na watu wazima viziwi wa kuigwa. Kumpeleka darasa la kwanza la wasikivu 70 pamoja na mkalimani ni kumchelewesha miaka ambayo hairudi. Mkalimani ana nafasi yake baadaye, lugha ikishasimama.

Sheria ya Watu wenye Ulemavu tunayo tangu mwaka 2010. Wenzetu wa Kenya, kwa Katiba ya mwaka huohuo, wameiweka lugha ya alama yao kuwa mojawapo ya lugha za Bunge. Hatupingi kudai mambo makubwa kama hayo. Ila azimio la kazi kukabidhiwa Januari halihitaji kikao cha Bunge, wala benchi kuhamishwa mbali na dirisha.

Tumalizie na mabweni, kwa kuwa ndiko mtoto anakoshinda baada ya mkalimani kuondoka. Wakati wa prepu wanafunzi huelezana masomo ya mchana, na kiziwi hueleweshwa na mwenzake aliyejifunza alama mbili tatu. Umeme ukikatika, wasikivu wanaendelea kuongea gizani. Kwake mazungumzo yamekufa palepale. Shule iweke taa ya sola kwenye meza yake ya prepu, na ining'inizwe juu, imulike uso na mikono ya anayemweleza. Taa inayomulika daftari tu haitoshi.

Wakalimani wa lugha ya alama,
Morogoro