Vespa ya marehemu baba: niwalipe ndugu zangu kwa bei ipi?

Assalaam alaykum Shangazi,

Mimi ni mwanamme wa miaka 43, nakaa Kikwajuni hapa Unguja, na kazi yangu iko karibu na bandari ya Malindi. Kila siku naenda na kurudi kwa vespa ya marehemu baba, PX 150 aliyoinunua mwaka 1984. Sasa vespa hiyo inataka kututenganisha ndugu.

Baba alifariki mwaka 2015, akamwacha mama, sisi wanaume wawili na dada zetu wawili. Nyumba na kishamba cha minazi vilishughulikiwa mapema. Vespa ilisahauliwa kibarazani, waya wa klachi umekatika na bati la kukanyagia limeliwa na kutu hata ukiinama unaiona sakafu. Wakati wa ugonjwa wake baba aliniambia, "Vespa hii itunze." Maneno hayo nayarudia kila siku. Alisema itunze, hakusema nimekupa.

Nikaitunza. Fundi wa Mwanakwerekwe alilikata bati bovu akachomea jipya. Silinda ikachongwa, pistoni na ringi nikaziagiza Dar es Salaam. Kusafisha kabureta na kubadilisha waya za gia nilijifunza mwenyewe, na kuchanganya oili pia: mililita 100 kwa lita 5 za petroli. Ikizidi, plagi inachafuka na moshi unakufuata njia nzima. Ikipungua, pistoni inakwama. Nikitoka kazini jioni, kwanza naifuta chumvi ya bahari, ndipo nile. Mke wangu ameshazoea.

Watu wananishauri ninunue skuta mpya isiyo na gia. Siwezi, Shangazi. Kuzungusha gia kwa mkono wa kushoto nimekujua tangu nasimama mbele ya baba, nimeshika usukani katikati ya mikono yake, tukienda Darajani kununua samaki. Injini iko ubavuni kulia, kwa hiyo asiyeizoea huhisi inamvuta upande mmoja. Mimi nikipanda chombo kingine ndiyo naona nimekaa vibaya.

Mwezi uliopita mgeni mmoja kutoka Ulaya, anayekusanya vespa za zamani, aliiona imeegeshwa Forodhani akatoa bei ya shilingi milioni 4. Nilikataa. Habari ikamfika kaka yangu mkubwa, naye akaitisha kikao: chombo ni cha mirathi, kiuzwe, kila mtu apate haki yake.

Na kweli ni haki yao. Nilikwenda kwa shekhe wetu akanifanyia hesabu: mali ikigawiwa mafungu 48, mama anapata thumni yake, mafungu 6, sisi wanaume 14 kila mmoja, na dada zetu 7 kila mmoja. Kwa hiyo mafungu 34 si yangu. Tangu siku hiyo nikiipiga kiki asubuhi moyo unanisuta, kwa sababu naendesha mali ya watu ambao sikuwahi kuwaomba ridhaa. Mdogo wetu wa mwisho ni mjane na ana watoto watatu wa skuli. Hajanidai kwa mdomo wake, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Nimewaambia nitanunua mafungu yao. Tumekwama kwenye bei. Kaka anataka tuhesabu milioni 4, maana yake niwalipe zaidi ya milioni 2 na laki 8. Mimi nina akiba ya milioni 1 na laki 2 tu. Nikamwambia baba aliacha chuma kisichowaka, na thamani ya leo imetoka mfukoni mwangu, karibu milioni 2 kwa miaka yote hii, nyingine bila risiti. Akanijibu, "Na miaka yote hiyo umeipanda wewe peke yako. Nani alikulipisha nauli?" Sikuwa na jawabu. Halafu akaongeza kwamba na yeye alisimama mbele ya baba kabla yangu. Hapo sauti yake ilibadilika, nami nikaona kwamba hagombei pesa tupu.

Mama anasema tufanye tunavyoona. Lakini jioni nikikata kona ya kwetu, kabla sijazima injini, ameshafungua mlango.

Naomba unishauri, Shangazi. Niishike hoja ya gharama zangu, au niikubali milioni 4 yote niombe kulipa kwa awamu, nikianza na mdogo wetu mjane? Je, ni sawa nimwombe kaka asamehe fungu lake ili vespa iwe yetu sisi wawili, aichukue kila anapoitaka? Na mpaka tukubaliane, niendelee kuipanda kwenda kazini au niiegeshe?

Mpenda vespa,
Kikwajuni, Zanzibar