Mnaoacha vyombo stoo, ogopeni unyevu

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wanaohamishwa kikazi na kuacha vyombo vyao kwenye stoo za kupanga hapa Tanga. Nilikuwa mtunza ghala hadi nilipostaafu, na masika yakiisha majirani huniita tukafungue stoo zao. Inaniuma sana kuona vitu vilivyonunuliwa kwa jasho vikiishia jalalani.

Watu huhangaika na kufuli, unyevu wakausahau. Juzi niliitwa na mwalimu aliyerudi likizo. Godoro na makochi yake yalizungushiwa nailoni, yakawekwa juu ya saruji tupu na kusukumwa hadi ukutani. Kwa nje yaling'aa. Tulipochana nailoni, harufu ya ukungu ilitutoa nje. Godoro lilikuwa na madoa meusi upande wa chini, na mchwa walishapanda kabatini kutoka kwenye ufa wa sakafu.

Kitambaa hubaki na unyevu hata kama mkononi unakiona kikavu. Joto la mchana chini ya bati huutoa, usiku ukipoa unageuka maji, na nailoni huyafungia humo humo. Anikeni godoro juani kutwa nzima, kisha lifunikeni kwa shuka kuukuu la pamba. Kila kitu kikae juu ya chaga, kama magunia ya nafaka, na kati ya vyombo na ukuta mkono upite.

Friji iyeyushwe barafu, ifutwe, ikauke, na mlango uegeshwe wazi kwa kijiti. Msiache hata unga kidogo kwenye kopo. Fukusi na panya wataufuata. Mtungi wa gesi na petroli ya jenereta visiingie stoo kabisa, kwani moto hauchagui chumba cha mtu. Vyeti na hati ya kiwanja safirini navyo.

Wenye stoo nao wanapokea kodi kila mwezi. Waweke chaga, watoboe matundu ya hewa yenye wavu chini ya paa, na wamruhusu ndugu wa mpangaji kuja kufungua mlango hewa ipite. Mwalimu yule alikataziwa kumwachia mdogo wake ufunguo, ilhali mwalimu mwenyewe yuko Dodoma! Maofisa biashara wa Jiji wanapotoa leseni za stoo hizi, nawaomba waingie ndani waangalie na matundu hayo.

Mtunza ghala mstaafu,
Ngamiani, Tanga